Barua Iliyoifuata Timu

Tulimzika Mfaume mwezi uliopita, Temeke, katika makaburi yaleyale alikozikwa mama yake. Pale msibani kijana mmoja alishika kipaza sauti akamtaja marehemu kuwa mchezaji wa zamani wa timu ya taifa, akayataja na mashindano tuliyoshinda, akakosea mwaka. Nimefundisha miaka mingi mno, siwezi kunyamazia kosa la namna hiyo; nikafungua mdomo nimsahihishe, kisha nikaufunga. Kwa habari za Mfaume na tarehe, mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kumsahihisha mwingine. Nilibaki uani na wanawake wenzangu, goti linauma, nikala wali na maharage ya msiba, na mwaka ule wote ukanirudia, vyumba vyake na sauti zake. Nauandika sasa kwa sababu tuliokuwamo tumebaki wachache, na hao wachache hawaijui sehemu yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilipanga chumba Keko, katika nyumba ya vyumba sita ya Bi Zuhura, Mzaramo mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Asubuhi nilifundisha shule ya msingi. Alasiri, mara tatu kwa wiki, nilifundisha kisomo cha watu wazima palepale uani, maana ilikuwa miaka ya Ujamaa na serikali ilikuwa imeamua kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika. Nilitoka bara, na katika nyumba nzima mimi peke yangu nilikwenda kanisani Jumapili. Bi Zuhura alinitania kwamba Kiswahili changu kimekaushwa na baridi ya kwetu. Mkabala na chumba changu walikaa Bi Somoe, mjane aliyetoka kusini, na mwanawe Mfaume, aliyekuwa na chumba kidogo cha pembeni. Mfaume alikuwa fundi seremala katika karakana ya ushirika iliyokuwa barabarani, na jioni alicheza mpira, wingi wa kulia. Siku zile mchezaji wa timu ya taifa alikuwa mtu mwenye kazi yake kama wengine. Ukimtafuta unamkuta ana vumbi la mbao kwenye nyusi. Ubao wa darasa letu alitutengenezea yeye, akaupaka weusi wa betri kuukuu, na kingo zake zilinyooka hivi kwamba nilizitumia kupigia mistari.

Bi Somoe ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu bora, na kama mwalimu anaruhusiwa kuwa na kipenzi, basi yeye ndiye. Alianza akiwa hajawahi kushika kalamu, akaishika kama mwiko, na kwa miezi miwili herufi zake zilipanda na kushuka kila upande. Kisha siku moja zikatulia kwenye mstari, na tangu hapo alikuwa akiandika popote, hata kwa mkaa kwenye jiko la mawe. Nikiwa chumbani nilimsikia akisoma kwa sauti maandishi ya kwenye gunia la mchele, akirudia kila silabi, na Bi Zuhura akimwuliza kama gunia limemjibu. Tarakimu ndizo zilizomshinda. Herufi zinasema kitu, aliniambia, lakini hizi tarakimu zinamkodolea macho tu. Kwa hiyo kila alipofanya zoezi aliacha wazi kona ya juu upande wa kulia, panapokaa tarehe, akanisukumia daftari nimjazie, nami nikamjazia. Nilikuwa na haraka, nilimpenda, na niliona ni jambo dogo.

Timu ilipoitwa kambini kwa mashindano yatakayochezwa nchi ya jirani, Bi Somoe alikuwa akikohoa, na miguu yake ilivimba jioni. Daktari alikuwa amesema moyo umechoka. Siku moja kabla ya safari Mfaume alinikuta uani nikiosha ubao. Alisimama na begi lake la turubai begani, akasubiri Bi Zuhura aingie ndani. Ni lazima nieleze hapa desturi ambayo mimi wa bara sikuwa nimeizoea. Kwao, na kwa pwani nzima niliyoijua, mtu aliye mbali haambiwi msiba. Anaambiwa mgonjwa hajambo kidogo. Akifika, hapelekwi kwao moja kwa moja; anapokelewa nyumba nyingine, analishwa kwanza, ndipo anaambiwa, kwa kuwa akishaambiwa hatakula tena. Ni huruma, na watu hushirikiana kuifanya bila kupangiwa.

"Mwalimu," alisema, "mie nawajua watu wangu. Mama akizidiwa watanificha mpaka nirudi. Baba alivyokufa nilikuwa safarini, niliporudi wakanilisha pilau, nikala mpaka nikaongeza, na baba yumo kaburini siku ya nne. Sitaki tena. Wewe si wa huku. Kukiwa na lolote nipelekee habari, wewe usinifiche."

Nilimwambia sitamficha. Nilijibu upesi, mikono ikiwa na maji ya chaki, kama mtu anavyojibu jambo analoamini halitatokea.

Mechi ya kwanza ilichezwa Jumatano. Mzee Ngwali, mkuu wa karakana, alileta redio yake kubwa ya betri na kuiweka juu ya kigoda uani, na mafundi wote wakaja na maranda yao mikononi, wakijifanya wamekuja mara moja tu. Sijui mpira hadi leo. Nilichokijua ni sauti ya mtangazaji ikipanda, na jina la Mfaume ndani yake, na Bi Somoe ameketi mkekani amenyoosha miguu yake iliyovimba, akiuliza kila mara kama aliyetajwa ni huyu wake au Mfaume mwingine. Tulishinda. Mafundi walirukaruka mpaka kuku wa Bi Zuhura wakakimbilia kwa jirani. Bi Somoe alicheka hadi kikohozi kikamshika, na kilipomwachia alidai daftari. Nilidhani anataka zoezi. Alitaka kuandika barua, ya kwanza katika maisha yake, na alitaka kuiandika palepale.

Nilikaa pembeni yake. Ilimchukua tangu alasiri hadi karibu na magharibi, na mistari ilikuwa sita. Nimeisoma mara nyingi kichwani, hivyo naweza kuiandika hapa bila kuitazama. "Mwanangu Mfaume. Salamu sana. Mimi mama yako ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali nami. Tumekusikia kwenye redio. Vaa fulana usiku, huko kuna baridi. Mimi Somoe." Yale maneno ya kwamba yeye ni mzima nilimfundisha mimi, maana ndivyo barua zote zilivyoanza, mtu awe mzima au asiwe mzima. Habari ya fulana ilikuwa yake. Alipomaliza alinisogezea ukurasa, kona imeachwa wazi, akasema tarehe nimjazie mimi. Nilimwambia kesho nitanunua stempu. Kesho yake nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, na Ijumaa timu ilishinda tena, nyumba ikawa kelele tupu, na ule ukurasa ukabaki ndani ya kitabu changu cha maandalio.

Jumamosi alfajiri Bi Somoe hakuamka kuswali. Bi Zuhura aligonga, akaita, akaingia, kisha akatoka na kuja mlangoni kwangu. Bi Somoe alizikwa baada ya adhuhuri. Mikeka ilitandikwa, wanaume barazani na wanawake uani, sufuria kubwa zikaazimwa, na redio zote za nyumba zikazimwa, kama ilivyo desturi katika siku tatu za matanga. Barazani nilimsikia Mzee Ngwali akiwaambia wanaume kwamba mtoto yuko vitani na asipelekewe neno, na hakuna aliyebisha. Nilikuwa nimebeba kahawa. Nilijua ni mimi niliyepaswa kubisha. Nilijiambia nitakwenda posta Jumatatu nikapige simu ya maandishi, na wakati huohuo nilijua kwamba sitaki kwenda. Niliogopa wazee, ndiyo, lakini haikuwa hofu hiyo tu. Nusu fainali ilikuwa Jumapili, na nilitaka tushinde.

Siku hiyo ya nusu fainali ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Wanawake karibu arobaini walikuwa uani, khanga zimefunika vichwa, na saa ya mpira ilipokaribia ukimya ulibadilika. Kila mmoja alijua mwenzake anafikiria nini. Mwishowe Bi Zuhura, ambaye macho yake yalikuwa mekundu tangu jana, alinyanyua uso akaniambia nikamwombe Mzee Ngwali ile redio. Mama mmoja wa mtaa wa pili alisema redio haifunguliwi matangani. "Mwanawe yumo humo," Bi Zuhura alimjibu. "Leo atajwe nyumbani kwao." Redio ikaletwa, ikawekwa juu ya kigoda cha marehemu, ikafunguliwa kwa sauti ndogo. Mtangazaji alipolitaja jina la Mfaume, wanawake wale walianza kulia, taratibu, kisha wakanyamaza ili wamsikie tena. Ikawa hivyo kwa saa moja na nusu. Tulipofunga bao, na pasi ilitoka kwake, Temeke nzima ilinguruma. Kelele zilikuja juu ya paa kutoka kila upande, madebe yakapigwa, na ndani ya ua wetu hakuna aliyepaza sauti. Mlangoni nilimwona Mzee Ngwali ameuziba mdomo kwa kofia yake. Sijawahi tena kuwa na furaha na huzuni za kiasi kile mahali pamoja, na sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Baada ya mechi alikuja mgeni kutoka kwa viongozi wa mpira, amevaa suti ya mikono mifupi, kutoa pole. Alisema kesho anapanda ndege kuifuata timu. Alisema Mfaume kila siku anauliza habari za mama yake, chakula hali, usingizi hapati, na kwamba akiambiwa sasa timu itakuwa imekwisha. Mzee Ngwali alimwambia ampelekee salamu, waseme wote hawajambo. Mgeni alikuna kidevu, akasema kijana haamini tena salamu za mdomo. Wazee walitazama chini. Hakuna aliyeniomba kitu. Hilo nalisema kwa sababu kwa miaka mingi nimejaribu kukumbuka kwamba kuna aliyeniomba, na hayupo. Niliinuka mwenyewe, nikaingia chumbani, nikatoa ule ukurasa kwenye kitabu. Kona ilikuwa tupu. Barua isiyo na tarehe ingemtia shaka. Nilichovya kalamu, nikaandika tarehe ya kesho yake, Jumatatu, kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu. Nilimtoa mwanamke kaburini nikamkalisha mkekani siku ya tatu baada ya kufa, ili mwanawe apate kulala. Kisha nikamkabidhi mgeni. Aliisoma, akanitazama, akaitia mfukoni.

Fainali ilikuwa Jumatano nyingine. Matanga yalikuwa yameshaanuliwa na redio zilifunguliwa kwa sauti yote. Tulishinda, na bao la ushindi alilifunga Mfaume. Nilishangilia pamoja na watu barabarani, nikakumbatiwa na wanaume nisiowajua, na nilikuwa na furaha ya kweli. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Walirudi Ijumaa. Kutoka uwanja wa ndege walipandishwa lori la wazi, na barabara nzima watu walikimbia nalo wakipunga majani ya mnazi. Kati ya watu wote wale wa Temeke na Keko waliomshika mkono, mamia waliofika msibani kwetu, hakuna aliyemwonyesha chochote. Alasiri alishushwa mlangoni kwa Mzee Ngwali, si kwetu. Alikuwa amevalishwa shada shingoni na sauti imemkauka. Bi Zuhura alikuwa amepika wali wa nazi na samaki changu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumnawisha mikono. Aliketi katikati ya wazee, akaanza kula kwa njaa, akisimulia. Kisha akafuta vidole, akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi.

"Wazee, mmeona haya?" alisema. "Mama anaandika siku hizi. Nimeisoma hii kabla sijaingia uwanjani, nikasema basi, mama mzima, niacheni nicheze."

Aliwasomea. Alipofika kwenye fulana alicheka. Hakuna aliyecheka naye. Alitazama huku na huku, akauliza mbona mama hajaja kumpokea, na Mzee Ngwali akamwambia kwa upole, "Kula kwanza, baba." Mfaume aliinua tonge. Nilimwona akiliinua, na nikaona linakoma kabla ya mdomo, kwa sababu maneno hayo alikuwa ameshawahi kuambiwa. Aliliweka tonge kwenye sahani taratibu, akiangalia lisisambae.

"Kazikwa lini?"

Mzee Ngwali alimjibu Jumamosi. Mfaume aliigeukia barua, akaitazama kona ya juu kwa muda mrefu, na midomo yake ikahesabu. Kisha akaninyanyulia macho mimi niliyesimama na birika la maji. Hakupaza sauti.

"Mwalimu. Na hii Jumatatu?"

Alinyoosha mikono, nikamnawisha, maana ndiyo kazi niliyokuwa nimepewa, na maji yalimwagika zaidi mkekani kuliko kwenye bakuli. Kisha aliondoka na Mzee Ngwali kwenda makaburini, shada likiwa bado shingoni, hadi mtu alipomkimbilia kumvua.

Hakunisema kamwe. Ningeona afadhali angenisema. Aliendelea kunisalimia kila asubuhi, akiniita mwalimu kwa heshima ileile, na mguu wa benchi la darasa ulipovunjika aliutengeneza siku hiyohiyo. Lakini barua zake zilizotoka kusini, ambazo zamani alinipitishia nimsaidie maneno magumu, alianza kuzipeleka kwa karani wa karakana. Nilimwona akipita na bahasha mkononi mbele ya mlango wangu. Mwisho wa mwaka nilihamishiwa shule ya Kinondoni, nikafunga mizigo, naye akabeba kitanda changu hadi kwenye gari. Nikaolewa, nikazaa, nikafundisha, nikastaafu. Tulikutana harusini na misibani, tukaulizana watoto. Kila mara nilikwenda nikiwa na maneno ya kumwomba radhi, na kila mara nilirudi nayo. Kitu kimoja tu nilikibadili: tangu mwaka ule sijamjazia mwanafunzi hata nukta. Walimu wenzangu waliniona mkali, na wapo walionichukia kwa hilo.

Baada ya arobaini ya Mfaume wiki iliyopita, binti yake mkubwa alinivuta pembeni. Anaitwa Somoe, jina la bibi yake, na ana kicheko chake. Alitoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Niliutambua mwandiko kabla sijavaa miwani, zile herufi zilizobonyezwa kwa nguvu hadi zinaonekana nyuma. Mistari sita ilikuwapo yote. Kona ya juu, upande wa kulia, haikuwapo.

"Shikamoo, mama mwalimu," alisema. "Nimeambiwa bibi ulimfundisha wewe. Tunataka kuitia hii kwenye fremu, lakini tarehe haipo. Baba alituambia panya walikula. Tangu mie mdogo anasema panya."

Niliishika karibu na dirisha. Nilipitisha kidole mahali kona ilipokuwa. Mkato ulikuwa mnyoofu kabisa, mistari miwili inayokutana kwa pembe ya mraba, wembamba wa unywele kutoka kwenye mstari wa kwanza bila kuugusa. Ilikuwa kazi ya patasi kali na mkono wa fundi. Alikuwa ameutoa mwandiko wangu na kubakiza wa mama yake, kisha kwa miaka yote ile, yeye aliyeniomba nisimfiche, akawaficha wanawe kilichokuwa pale, na jina langu pamoja nacho. Nililia mbele ya mtoto wa watu. Somoe alidhani ni kwa ajili ya bibi yake, akanishika bega.

"Si panya, mwanangu," nilimwambia, nikamweleza kilichokuwa pale na nani alikiandika. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuondoa mkono. Kisha akauliza tena, kwa kuwa hilo ndilo alilokuwa amelijia, iliandikwa lini hasa.

"Jumatano," nilisema. "Tumeshinda mechi ya kwanza. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Jumatano alikuwa hai, na alikuwa anacheka."